Simu Ndogo, Seva ya Mbali

Ukurasa wa intaneti kwenye Nokia 7110 haukuruhusiwa kuzidi baiti 1,397 baada ya kubanwa. Simu hiyo, iliyotangazwa Februari 1999, ilikuwa na kifuniko cha kuteleza, gurudumu dogo la kuzungushwa kwa kidole gumba na kioo cha nukta 96 kwa 65. Aya hii pamoja na ile inayofuata zingechukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Ukurasa ukizidi kipimo, simu ilikataa kuufungua. Na hapo tunazungumzia simu ya bei kubwa, ya watu wa maofisini Ulaya.

Tangu siku hizo, aliyetaka kuperuzi kwa simu alibanwa na mambo matatu: kioo kidogo, kumbukumbu haba, na mtandao wa simu uliokuwa wa polepole na ghali. Wahandisi walijaribu njia nyingi za kupenya, lakini ukizitazama kwa pamoja utaona hila ni ile ile. Kazi nzito ifanywe na kompyuta nyingine iliyo mbali, kisha simu iletewe kitu kilichokwisha kutafunwa. Ni kama mzee anayemtuma mtoto dukani: miguu ya mzee inapumzika, lakini mtoto anajua kila kilichonunuliwa, na chenji inapita mikononi mwake. Historia ya kuperuzi kwa simu ndogo ni historia ya huyo anayetumwa, yaani nani alimwajiri, nani alimlipa, na aliona nini njiani.

1997–2001: Lango la kampuni ya simu

Katikati ya miaka ya 1990, kampuni changa ya California iitwayo Unwired Planet, chini ya Alain Rossmann, iliona kwamba ni bure kuidai simu ifanye kazi ya kompyuta. Ikaunda lugha yake ya kuandikia kurasa fupi fupi, HDML. Juni 1997 ikaungana na Nokia, Ericsson na Motorola kuanzisha jumuiya ya WAP Forum, na mwaka 1998 toleo la kwanza la WAP likatoka. Kurasa zake ziliandikwa kwa lugha ya WML, ambayo iligawa kila faili katika vipande vidogo vya kutosha kioo kimoja. Ukimaliza kipande, unabofya kwenda cha pili bila simu kurudi hewani.

Simu ya WAP haikuzungumza na tovuti moja kwa moja. Ilizungumza na lango, seva iliyowekwa na kampuni ya simu. Lango lilikwenda kuuchukua ukurasa, likaugeuza kutoka maandishi kuwa namba fupi ambazo simu ingeweza kuzisoma haraka, kisha likaurusha. Kwa hiyo mtumwa wa kwanza alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu, na kampuni ilijua kumtumia. Ukibofya kitufe cha intaneti, ulitua kwanza kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, na zipo zilizowanyima wateja wao njia ya kutoka hapo.

Kilichoiua sifa ya WAP, hata hivyo, kilikuwa bili. Mitandao ya GSM ya wakati ule ilisafirisha data kwa kupiga simu hasa: namba inapigwa, unasubiri iunganishwe, kisha unapata kasi ya kilobiti 9.6 kwa sekunde huku dakika zikihesabiwa, usome usisome. Uingereza, kampuni ya BT Cellnet ilitoa matangazo ya mtu wa rangi ya fedha akiteleza juu ya mawimbi ya intaneti. Waliojaribu wakakuta mistari minne ya maandishi ya kijivu. Ndipo ikazuka dhihaka kwamba herufi zile tatu, kwa Kiingereza chao, ni kifupi cha "subiri kisha ulipe". Nao waandishi wa tovuti hawakuwa na hamu ya kuandika kila ukurasa mara mbili, mara moja kwa kompyuta na mara nyingine kwa WML.

Kwetu wimbi hilo lilipita bila kumlowesha mtu. Safaricom na Vodacom Tanzania ndiyo kwanza zilikuwa zinafungua milango karibu na mwaka 2000, na hofu ya mwenye simu ilikuwa gharama ya kupiga, hata watu wakaendelea kubipiana. WAP iliacha mabaki tu: kitufe cha intaneti ambacho wengi waliogopa kukigusa kwa bahati mbaya kisije kikala salio, na jina. Miaka mingi baadaye vijana wa Afrika Mashariki walishusha nyimbo na gemu kutoka Waptrick wakiwa hawana habari kabisa na kikao cha Nokia na Ericsson.

1999: Japani yapita njia nyingine

Mwezi ule ule Nokia ilipoitangaza 7110, tarehe 22 Februari 1999, kampuni ya NTT DoCoMo ilizindua i-mode nchini Japani. Keiichi Enoki aliongoza kazi hiyo akiwa na Mari Matsunaga, aliyetoka kwenye uhariri wa majarida, na Takeshi Natsuno. Walichagua HTML iliyopunguzwa, ambayo mtu yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti angeiandika bila kujifunza upya. Malipo yalikuwa kwa ukubwa wa data, yeni 0.3 kwa kila pakiti ya baiti 128, na dakika hazikuhesabiwa. Na waliotengeneza kurasa za kulipia walikusanyiwa fedha zao kwenye bili ya simu, DoCoMo ikibakiza asilimia 9 tu.

Kufikia Agosti 2000 i-mode ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10. Vikatuni 176 vilivyochorwa na timu ya Shigetaka Kurita kwa ajili ya huduma hiyo ni miongoni mwa mababu wa emoji tunazotumiana leo. Wauzaji wa Ulaya walijaribu kuinunua i-mode na kuipandikiza kwao, haikushika. Nadhani sababu si fumbo. DoCoMo ilikuwa na sauti juu ya simu, mtandao na bili kwa wakati mmoja, na hakuna kampuni ya Ulaya iliyokuwa na vyote vitatu.

2005–2009: Kivinjari kilichokatwa vipande viwili

Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianza kuandika kivinjari cha Opera mwaka 1994 wakiwa watafiti wa shirika la simu la Norway, Telenor, na mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao. Walijulikana kwa programu nyepesi, na von Tetzchner kwa ulimi mwepesi. Mwaka 2005 aliahidi kwamba toleo jipya la kompyuta likipakuliwa mara milioni moja kwa siku nne, ataogelea kutoka Norway hadi Marekani. Likapakuliwa. Akaingia majini, na safari ikaishia si mbali na ufuko.

Kilichobadili mambo kilitokea kimya zaidi mwaka huo huo. Opera ilikuwa tayari na kivinjari kizuri cha simu, lakini kilitaka simu zenye nguvu, zile za mfumo wa Symbian. Kituo cha televisheni cha TV 2 cha Norway kilitaka kuwafikia watu wenye simu za kawaida. Wahandisi wakakikata kivinjari vipande viwili. Ubongo ukabaki kwenye seva, na kwenye simu ikawekwa programu ndogo ya Java ya kuonyesha matokeo tu. Jaribio hilo lilifanyika Agosti 2005, na tarehe 24 Januari 2006 Opera Mini ikatolewa kwa dunia nzima bure.

Tuitazame ikifanya kazi. Mtu yuko Morogoro na Nokia ya batani, anaandika anwani ya gazeti na kubofya. Simu haiendi kwenye gazeti. Inatuma ombi fupi kwa seva ya Opera, likiwa na maelezo ya simu yenyewe: upana wa kioo, aina, kiasi cha kumbukumbu. Seva inaufungua ukurasa mzima kama kompyuta yoyote ingefanya, pamoja na picha, matangazo na vijiprogramu vya JavaScript. Inaupanga upya ukae ndani ya kioo kile, inazipunguza picha hadi ubora aliouchagua mtumiaji, inatupa kisichohitajika, kisha inafunga vyote katika muundo wa Opera yenyewe, uitwao OBML. Kinachorudi Morogoro ni kifurushi kilichopungua kwa hadi asilimia 90 kwa maelezo ya kampuni. Ukurasa wa kilobaiti 400 ulifika ukiwa na 40 hivi. Mstari wa kupakua unajaa, kilobaiti zinahesabika mbele ya macho, na habari inatokea. Namba 2, 4, 6 na 8 zinasogeza ukurasa, na kuanzia toleo la 4 la Novemba 2007, namba 5 inakuza pale ulipo.

Kulikuwa na dosari. Kwa kuwa JavaScript iliendeshwa kwenye seva kwa sekunde chache na kusimamishwa, ukurasa uliofika ulikuwa umeganda. Kila kubofya kulikotaka mabadiliko kulirudi tena hadi kwenye seva. Fomu ngumu na ramani za kuburuta zilikuwa mateso.

Lakini nani alijali ramani? Pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja hadi Julai 2009, SEACOM ulipowashwa, ukifuatiwa na TEAMS wa Mombasa na EASSy. Kabla ya hapo intaneti ilipitia satelaiti na bei yake ilijulikana hata kwa asiyeitumia. Ukinunua data kwa kipimo cha megabaiti, programu inayopunguza ukurasa mara kumi inageuza vocha moja kuwa kumi. Hakuna kampuni ya simu iliyotoa punguzo la namna hiyo kwa hiari yake.

Ilivyosambaa ni jambo la kusisimua zaidi kuliko matangazo yoyote. Faili la Opera Mini lilikuwa dogo, la kilobaiti mia na kidogo, na lilihama kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. "Nirushie Opera" ilisemwa shuleni na vijiweni kama vile "nirushie ile nyimbo". Mafundi simu na wauza nyimbo waliliweka kwenye kadi za kumbukumbu za wateja wao. Kilichokuwa kigumu kilikuwa kuomba settings kutoka kampuni ya simu kwa SMS, kuzihifadhi, kuzima simu na kuiwasha, na kuomba Mungu. Opera ilitangaza kwamba Januari 2010 watu zaidi ya milioni 50 duniani waliitumia Opera Mini. Kwa maoni yangu, ukiacha programu za fedha, hakuna programu iliyowaingiza Waafrika Mashariki wengi mtandaoni kabla ya WhatsApp kuliko hiyo, na haijawahi kupewa heshima yake.

Vijana waligundua pia udhaifu wa hila yenyewe. Ikiwa trafiki yote inaelekea seva moja, na kampuni ya simu ina anwani fulani isiyotozwa, basi ukiibandika anwani hiyo mbele ya ile ya Opera mtambo wa kutoza unaweza kudanganyika. Zikazuka Opera Mini zilizochokonolewa, zenye menyu ya ziada ya kubandika anwani, maarufu kwa jina la "handler". Kuanzia Jakarta hadi Lagos, Nairobi ikiwemo, watu waliperuzi bila salio kwa siku au wiki mpaka kampuni iliposhtuka na kuziba. Kisha mjuzi mwingine alipata anwani nyingine.

2009–2015: Aliyetumwa aliona nini

Ilichukua muda watu kujiuliza aliyetumwa aliona nini njiani. Serikali ya China haikuchelewa. Kwa kuwa simu ya mtu wa Shanghai ilionekana kuzungumza na seva ya Opera tu, tovuti zilizozuiwa nchini humo zilifunguka kupitia mlango huo. Novemba 2009 watumiaji wa China walitakiwa kuhamia toleo la Kichina, ambalo trafiki yake ilipitia seva zilizo ndani ya nchi. Mlango ukafungwa. Opera haikuhitaji kuvunja kitu, ilibadili tu seva ya kutumwa.

China ilikuwa na mtumwa wake pia. UCWEB ilianza Guangzhou mwaka 2004, na UC Browser yake, kwa hila ile ile ya seva, ikatawala India na Indonesia na kuingia kwenye simu za Kichina za laini mbili zilizojaa Kariakoo na River Road. Alibaba iliinunua yote mwaka 2014. Mwaka uliofuata watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba programu hiyo ilikuwa inavujisha taarifa za watumiaji, zikiwemo namba za utambulisho wa simu na mahali ilipo, bila ulinzi wa maana. India iliipiga marufuku Juni 2020, wakati wa mgogoro wa mpaka na China.

Nayo Nokia ilijikuta kikaangoni Januari 2013, ilipobainika kwamba Xpress Browser ya simu zake za Asha ilifungua hata mawasiliano ya HTTPS, yaani yaliyofungwa kwa siri, kwenye seva za kampuni kabla ya kuyafunga upya na kuyapeleka. Nokia ilikubali kwamba ndivyo inavyofanya kazi, na ikasema hakuna mtu anayeangalia. Opera yenyewe ilikuwa imeeleza wazi katika maelezo yake kwamba Opera Mini hufanya hivyo. Je, nani aliyesoma? Aliyeingia benki kwa kiswaswadu mwaka 2011 alikuwa anamwonyesha mtu wa tatu nywila yake, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuingia, hata angejua angefanya nini?

2007–2013: Nyota, namba, reli

Sambamba na vivinjari kulikuwa na njia isiyohitaji intaneti hata kidogo. USSD, ile ya kuanza na nyota na kumaliza na reli, inabeba hadi herufi 182 kwa kila ukurasa, na kila simu ya GSM inaielewa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 kwa menyu iliyo ndani ya laini, na mwaka uliofuata ilipofika Tanzania, Watanzania wakaizoea *150*00#. Ukimtazama mama lishe akifungua menyu, akichagua 1, kisha 4, akirudi nyuma, akiingiza namba ya siri, unaona mtu anayeperuzi. Ni tovuti yenye kurasa za mistari sita, na wengi walioitumia kila siku wangekuambia kwamba intaneti hawaijui.

Juni 2009 Google, kwa kushirikiana na MTN Uganda na Grameen Foundation, ilijaribu kuisukuma njia hiyo mbali zaidi. Mkulima aliandika swali la mazao kwa SMS, msichana aliuliza la afya ya uzazi, na majibu yakarudi kwa SMS. Google Trader iliwakutanisha wenye mahindi na wanunuzi. Miaka minne baadaye, Oktoba 2013, Airtel Kenya na Wikimedia Foundation walianza jaribio la miezi mitatu la Wikipedia kwa maandishi. Unapiga msimbo, unaandika jina la makala, unapewa orodha ya vichwa vyake, unachagua kwa namba, na maandishi yanaanza kuingia kipande kwa kipande.

Majaribio hayo yote mawili hayakudumu. Hesabu zilikuwa dhidi yake. SMS moja hubeba baiti 140, kwa hiyo megabaiti moja tu ingehitaji SMS karibu 7,500. Kwa bei yoyote ya SMS unayoikumbuka, hakuna njia ghali kuliko hiyo ya kusafirisha maarifa isipokuwa mtu mwingine alipe. USSD iliponea kwenye fedha kwa sababu pale kila herufi chache zina malipo yake.

2010–2016: Bure

Mtu mwingine alijitokeza kulipa. Tarehe 18 Mei 2010 Facebook ilizindua Facebook Zero kupitia kampuni 50 za simu katika nchi 45. Ukifungua 0.facebook.com hutozwi kitu. Ukurasa ulikuwa maandishi matupu, na ukibofya picha ulionywa kwamba kuanzia hapo unalipa. Mwaka 2011 Facebook ikainunua Snaptu ya Israel, iliyokuwa na programu ya Java inayofanya kazi kwa mtindo wa Opera Mini, na kuigeuza kuwa Facebook for Every Phone. Kufikia Julai 2013 ilikuwa na watumiaji milioni 100 kila mwezi, wengi wao wakiwa na simu ambazo wahandisi wa California hawakuwahi kuzishika.

Agosti 2013 Mark Zuckerberg akatangaza Internet.org. Programu yake ilizinduliwa Zambia Julai 2014 na Airtel, ikaja Tanzania Oktoba kupitia Tigo, na Kenya Novemba kupitia Airtel. Ndani yake kulikuwa na Wikipedia, hali ya hewa, habari, ajira, na bila shaka Facebook. Septemba 2015 ilibadilishwa jina kuwa Free Basics. Tovuti iliyotaka kuingia ilipaswa kukubali masharti: hakuna JavaScript, hakuna video, hakuna picha kubwa, na trafiki yote inapita kwenye seva za Facebook. Kwa upande wa uhandisi hayo ni masharti ya busara, na mwandishi wa tovuti yeyote anayewajali watu wenye simu za batani angejiwekea mwenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba mlinzi wa mlango alikuwa pia mfanyabiashara mkubwa kuliko wote waliomo ndani.

Wahindi walilipigia kelele. Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, ilipiga marufuku bei tofauti za data kulingana na tovuti, na Free Basics ikaondoka India. Huku kwetu mjadala haukufika barabarani. Wikipedia Zero, iliyokuwa na wazo hilo hilo bila biashara, ilikuwa imeanza Uganda na Orange mwaka 2012, na Wikimedia Foundation ikatangaza kuifunga mwaka 2018. Kilichobaki ni desturi. Kampuni za simu zilijifunza kuuza intaneti kwa vipande: bando la WhatsApp, bando la Facebook, bando la usiku. Mwenye bando la WhatsApp pekee anapata kichwa cha habari na picha yake ndogo, anabofya kiungo, na anaambiwa anunue data. Ndiyo maana habari nyingi kwenye magrupu husambaa zikiwa zimepigwa picha ya kioo au kunakiliwa nzima, bila chanzo.

2013–2022: Kufuli

Juni 2013 Edward Snowden alifichua ukubwa wa upelelezi wa Marekani kwenye intaneti, na wenye tovuti wakaharakisha kufunga mawasiliano yao kwa HTTPS. Wikipedia ilihama yote Juni 2015. Desemba mwaka huo Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti vya usalama bure kwa umma, na Julai 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuziandika "si salama" tovuti zote zisizo na kufuli. Kwa mtumiaji ilikuwa heri. Kwa seva za kati ilikuwa upofu: huwezi kubana ukurasa usioweza kuusoma. Google, iliyokuwa na huduma yake ya kubana data ndani ya Chrome ya simu, iliizima Machi 2022.

Simu za batani zilipata pigo la pili ambalo halikuandikwa sana. Vivinjari vyake vya asili vilijua tu mbinu za zamani za usimbaji, na tovuti zikiacha kuzikubali mbinu hizo, simu nzima na yenye betri nzuri inajibiwa kwa ujumbe wa kosa usioeleweka. Opera Mini ikawa karibu njia pekee iliyobaki kwa simu hizo, kwa sababu seva yake ndiyo inayofanya kazi ya kufungua kufuli la kisasa. Yaani kasoro iliyolaumiwa mwaka 2013 ndiyo iliyoziweka simu hizo hai.

Wakati huo huo haja yenyewe ilikuwa inapungua. iPhone ya 2007 ilionyesha kwamba simu inaweza kufungua ukurasa kamili. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga wenyewe kwa kila kioo, na waandishi wa tovuti wakaacha kutengeneza matoleo mawili. Tecno na Itel zikashusha bei ya Android. Lakini uzito wa kurasa ulipanda pamoja na nguvu za simu, kiasi kwamba Oktoba 2015 Google ilileta AMP, kurasa zilizopunguzwa na kutolewa nakala kwenye seva za Google. Wachapishaji waliijua harufu hiyo, na wengi waliingia kwa shingo upande kwa sababu ya nafasi ya juu kwenye matokeo ya utafutaji.

Baada ya 2016: Watumwa wapya

Von Tetzchner aliondoka Opera mwaka 2011. Mwaka 2016 kundi la wawekezaji wa China liliununua mkono wa vivinjari, na Mei 2017 wamiliki wapya wakatangaza kuwekeza dola milioni 100 Afrika. Sehemu ya mpango huo ilionekana Kenya mwaka 2018 kwa sura ya OKash, programu ya mikopo ya simu. Januari 2020 Hindenburg Research ya Marekani ilitoa ripoti ikizituhumu programu za mikopo zilizohusishwa na Opera kwa riba za kukamua na muda mfupi mno wa kulipa. Opera ilikanusha. Vyovyote iwavyo, kampuni iliyokuwa imemsaidia mtu kuokoa vocha ilikuwa imeona kwamba yule yule anahitaji mkopo.

Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya batani yenye 4G na mfumo wa KaiOS, uliozaliwa kutokana na Firefox OS. Hapa hakuna seva ya kati, simu yenyewe inafungua kurasa, na WhatsApp ilikuwemo. Mwaka 2024 WhatsApp ilisitisha upakuaji mpya kwenye KaiOS, na kwa wanunuzi wengi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuinunua simu.

Njia mbadala inayozungumzwa zaidi sasa ni VPN, inayopitisha mawasiliano yote kwenye seva nyingine, na haibani chochote. Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, maelfu walihamia VPN kuikwepa, ingawa VPN inaongeza matumizi ya data badala ya kuyapunguza. Tanzania ilishuhudia hali hiyo wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zilipokwama. Safari hii mtumiaji ndiye anayemchagua wa kumtuma, mara nyingi programu ya bure ambayo hamjui mwenye nayo wala seva zake ziko nchi gani, na anakubali kwa sababu kinachomsumbua ni kufunguka kwa ukurasa. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni ambazo shughuli zao haziwezi kuepuka VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, wakitaja na anwani za IP wanazotumia.